Geti zito, shata lililogoma: kutafuta chanzo kabla ya kununua kifaa

Gereji nyingi za Mwanza hazina ule mlango wa mapande unaopanda na kulala chini ya dari. Upo, lakini kwa wachache. Wengi wetu tuna geti la chuma la kuslaidi linalotembea juu ya reli, na kwenye fremu za biashara na magodauni tuna shata la kujikunja. Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, na kila dalili ina vyanzo vyake, nikianza na kile kinachotokea mara nyingi zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu uzito. Bati la chuma lenye unene wa milimita 1 lina karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Geti la mita 4 kwa 2.2 lililovikwa bati la gaji 16, yaani kama milimita 1.5, lina zaidi ya kilo 100 za bati peke yake, kabla hujaweka skwea paipu za fremu na yale mapambo ya nondo. Jumla kufika kilo 150 au 200 si ajabu. Kitu cha namna hiyo kikianza kuelemea hakizuiwi kwa mikono. Wewe kikimbie, kianguke, utakihesabia hasara baadaye.

Kipimo cha kuanzia ni kimoja kwa kila geti lenye mota. Zima umeme kwenye breka, fungua mota kwa ufunguo wake, yaani iachanishe na geti, kisha sukuma geti kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Likienda laini, ugonjwa uko kwenye mota au umeme. Likiwa zito, mota haina kosa, na hata ukinunua mpya itaungua kwa sababu ile ile. Watu wengi wanaolalamika kwamba mota zao hazidumu hawajawahi kusukuma geti lao kwa mkono.

Tahadhari ya mji wa vilima: kwenye viwanja vya mteremko, kama vingi vya Isamilo na Bugando, utakuta reli imefuata mteremko badala ya kulazwa sawa kwa pima maji. Geti la hivyo linashikiliwa na mota. Ukiifungua tu, linaondoka lenyewe na kushika kasi. Weka kabari pande zote mbili za gurudumu, lifunge na kamba kwenye nguzo, hakikisha hakuna mtoto upande wa chini, halafu ndipo ufungue.

## Geti ni zito, linakwaruza au linakwama pale pale

Chanzo cha kwanza ni mchanga kwenye reli. Mchanga wa hapa si vumbi laini. Unatokana na mawe ya graniti yanayomomonyoka vilimani, una punje kubwa na ngumu, na mvua za kwanza za vuli au za masika zinaushusha hadi mlangoni kwako. Punje mbili tatu zikibanwa chini ya gurudumu, geti linasimama mahali hapo kila siku na mwenye nyumba anadhani chuma kimepinda. Fagia reli yote, kisha pitisha bisibisi bapa ukikwangua tope lililoganda pembeni. Angalia hasa sehemu ambayo geti hulala likiwa wazi, maana huko hakufagiwi.

Ukikuta reli imepakwa grisi, umepata nusu ya ugonjwa. Grisi ni ya beringi, si ya reli. Ikikaa juu ya reli inanasa mchanga na kugeuka uji unaosaga gurudumu na reli pamoja. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, malizia na kitambaa kikavu, na usiruhusu mtu awashe mashine ya kukata au ya kuchomelea karibu mpaka mahali pakauke kabisa.

Chanzo cha pili ni beringi za magurudumu. Kuna njia rahisi ya kuzikamata. Chora mstari wa chaki kwenye gurudumu, mwambie mwenzako asukume geti polepole, nawe uangalie mstari. Ukizunguka bila kusita, beringi ni nzima. Ukisimama huku geti linaendelea kwenda, gurudumu haliviringiki, linaburuzwa, na muda si mrefu litapata ubapa upande mmoja.

Kubadilisha gurudumu kunawezekana nyumbani kwa masharti. Geti liwe limefungwa kwa kamba imara kwenye nguzo mbili, rola za juu, zile zinazolishikilia geti lisilale, zibaki mahali pake (usizilegeze hata nati moja), na muwe watu wawili. Inua upande mmoja tu kwa jeki, kiasi cha gurudumu kupata nafasi ya kutoka, na kabla hujaingiza mkono weka magogo ya mbao chini ya fremu, kwa sababu jeki inaweza kuteleza. Nenda dukani na gurudumu la zamani mkononi, usiende na maelezo. Linganisha kipenyo, unene wa ekseli, na zaidi ya yote umbo la mfereji: reli ya engo laini iliyogeuzwa mgongo juu inataka mfereji wenye umbo la V, reli ya nondo inataka mfereji wa mviringo. Ukichanganya, gurudumu litapanda ukingoni na kulika. Badilisha yote mawili kwa wakati mmoja, kwani jipya na lililochakaa hayalingani urefu na geti litakaa mshazari.

Cha tatu, reli yenyewe imezama, imepinda au imeachana kwenye maungio. Vuta uzi toka mwanzo wa reli hadi mwisho na utaona bonde lilipo. Mara nyingi ni pale magari yanapopita, hasa kama fundi alimwaga zege jembamba juu ya udongo uliojazwa. Dalili nyingine ni maji kutuama. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi inayokula mabati kama kule pwani, lakini chuma kinacholala kwenye tope lenye unyevu hakiulizi maji yametoka wapi. Kutu juu juu isugue kwa brashi ya waya, paka rangi ya redoksaidi kwenye mbavu za reli, na utengeneze njia ya maji kutoka. Reli iliyotoboka au kuzama haina dawa ya juu juu: ni kuvunja zege, kulaza upya na kuchomelea, kazi ya fundi mwashi na fundi vyuma kwa pamoja.

Cha nne ni rola za juu kubana, na hapo mtuhumiwa ni nguzo. Ning'iniza timazi kando ya nguzo. Kama imeinama kiasi cha kuonekana kwa macho, acha kila kitu. Usilegeze rola ili geti lipite, kwa sababu hizo rola ndizo zinazolizuia lisilale barabarani. Nguzo kwanza, geti baadaye.

Jambo moja si ugonjwa kabisa. Mtu anasema geti lake ni zito mchana na jepesi alfajiri. Kama anakaa karibu na maji, huo ni upepo. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na geti lililozibwa bati zima linaupokea kama tanga. Upepo wa mita 15 kwa sekunde ukipiga geti la mita za mraba 8.8 unalisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 100, na nguvu hiyo inabebwa na rola za juu pamoja na magurudumu ya chini. Hakikisha rola ni nzima na zinazunguka, basi. Ukijenga geti jipya ufukweni, acha mianya kwenye bati.

## Geti limetoka kwenye reli, au linayumba

Hapa sina maelekezo ya kurekebisha. Geti lililoacha reli linashikiliwa na rola za juu peke yake, na wakati mwingine na kisehemu tu cha rola moja. Ondoa watu na magari, funga njia pande zote mbili, lifunge geti kwa kamba nene kama unaweza kufanya hivyo ukiwa umesimama nje ya mahali litakapoangukia, kisha ita fundi vyuma mwenye cheni bloku. Usikusanye vijana wa mtaani waliinue. Anayesimama katikati hana pa kukimbilia.

Unachoweza kufanya ni kuzuia lisifike huko. Chunguza stopa, vile vizuizi vya mwisho wa reli. Sukuma geti hadi mwisho kila upande na uangalie kama linagonga chuma kilichochomelewa imara, au linazuiwa na kijiwe, tofali au mota. Geti linalotegemea mota kulisimamisha halina stopa. Siku mota ikifunguliwa kwa ufunguo na mtoto akalisukuma kwa nguvu, litapitiliza. Kuchomelea kipande cha chuma mwisho wa reli ni kazi ndogo kwa fundi, na kwa maoni yangu hakuna matengenezo mengine ya geti yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

## Mota inalia, geti halitembei

Sikiliza kwanza inaliaje. Kama inazunguka kabisa na geti limetulia, mtu ameiacha wazi. Umeme ulikatika, mlinzi akafungua kwa ufunguo ili gari litoke, umeme uliporudi hakuna aliyekumbuka kufunga. Funga ufunguo, sogeza geti kidogo hadi meno yashikane, jaribu tena.

Kama inanguruma bila kuzunguka, zima haraka, maana inajipasha moto. Ukishapima kwa mkono na kukuta geti ni jepesi, shuku umeme mdogo. Mota ya kawaida ya geti inatarajia volti 230, na nguvu yake ya kuanzia hushuka kwa mraba wa volti: ikipata 180 inabakiwa na asilimia 60 hivi ya nguvu zake. Ndiyo maana geti linafanya kazi saa nne asubuhi na kugoma saa mbili usiku wakati kila nyumba inapika na kupiga pasi. Pima volti kwenye kisanduku cha mota wakati wa tatizo, wala si asubuhi inayofuata. Ukikuta ndani ya nyumba volti ziko sawa na getini zimeshuka, tatizo ni waya mwembamba uliovutwa umbali mrefu.

Umeme ukiwa mzuri, inayofuata ni kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Iliyovimba au kuvuja imekwisha. Mpya iwe na maikrofaradi zile zile, na volti sawa au zaidi. Lakini kapasita hutunza umeme hata baada ya breka kuzimwa, na inapiga. Kama hujui kuimaliza nguvu kwa usalama, mwachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati.

Chungulia pia kati ya gia ya mota na reli ya meno iliyofungwa kwenye geti. Panatakiwa pawe na nafasi ya milimita 1 hadi 2. Magurudumu yakilika geti linashuka, meno yanaikalia gia, na uzito wa geti unahamia kwenye shafti ya mota. Ukiona unga wa plastiki au wa chuma chini ya gia, hilo ndilo linaloendelea. Dawa ni magurudumu mapya. Kuinua meno pekee kunaficha ugonjwa kwa muda.

## Linaanza kufunga, halafu linarudi

Macho ya usalama, yale mawili yanayotazamana kwenye nguzo. Karibu kila mara ni hayo. Msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa mawingu na kufuata taa, kioo cha jicho kinafunikwa usiku mmoja. Buibui nao wanawafuata na kutanda utando mbele yake. Futa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kata matawi ya ua yanayoingia katikati, angalia kama jicho moja limegongwa likageuka. Kama taa ya nje imefungwa juu ya jicho, ihamishe, nawe utapumzika kufuta. Tatizo likitokea jioni tu, jua linalozama huenda linapiga moja kwa moja kwenye jicho la kupokea. Kubadilishana nafasi za macho mawili mara nyingi kunatosha.

Kuna mafundi wanaomaliza malalamiko haya kwa kuunganisha nyaya za macho ili mota idhani njia ni nyeupe. Kataa. Fundi wa namna hiyo anakuuzia geti ambalo halitamwona mtoto.

Macho yakiwa safi, angalia sumaku au kichuma kinachoiambia mota mahali pa kuishia. Kikisogea, geti linagonga stopa na kurudi. Mwisho kabisa ndipo uguse kitufe cha nguvu ya kusukuma. Kukiongeza kabla ya kupima geti kwa mkono ni kuiambia mota ipuuze dalili.

Rimoti isiyofanya kazi haihitaji maneno mengi: badilisha betri, jaribu ukiwa karibu, jaribu rimoti ya pili. Zote mbili zikigoma, tazama fyuzi ya ubao wa mota, na angalia kama sisimizi wamejenga humo ndani. Wanapenda joto la kile kisanduku.

## Shata ni zito, limekaa upande, au linashuka kwa kishindo

Shata halinyanyuliwi na mikono yako peke yake. Ndani ya bomba la juu kuna springi zinazobeba sehemu kubwa ya uzito, wewe unamalizia tu. Kwa hiyo uliza kwanza: limekuwa zito ghafla au kidogo kidogo?

Kidogo kidogo ni uchafu kwenye mifereji ya pembeni, na hiyo ni kazi yako. Lishushe, safisha mifereji kwa brashi kavu, pulizia silikoni au paka nta ya mshumaa. Grisi hapana, kwa sababu ile ile ya reli. Kama mfereji umebonyezwa na bampa la gari, unaweza kuunyoosha taratibu kwa nyundo na kipande cha flatibaa. Shata lililokaa upande mara nyingi lina slati moja, yaani kimoja cha vile vipande virefu vinavyounda shata, iliyoteleza nje ya mstari: likiwa chini kabisa, igonge irudi kwa nyundo ya mpira. Vibanio vya pembeni vikiwa vimekatika itateleza tena, kwa hiyo vitazame kabla hujajipongeza.

Ghafla, au linaposhuka kwa kishindo, springi imekatika au imeachia. Weka alama hapa: usifungue bolti yoyote ya bomba la juu wala mabamba yanayolishikilia. Springi hukazwa zaidi shata likiwa chini, yaani wakati ule ule ambao kila kitu kimetulia na unajiona uko salama. Bolti ikilegea, bomba linazunguka kwa nguvu yote iliyotunzwa humo, na spana inakuwa bado iko mkononi mwako. Hata shata likiwa juu, springi haijalegea yote. Kama limekwama katikati, usipite chini yake. Lisimamishie nguzo mbili za mbao chini ya upau wake wa chini, funga duka kwa siku hiyo, ita fundi wa shata.

## Wale wenye mlango wa kupanda darini

Kipimo chenu ni cha uwiano. Mlango ukiwa umefungwa, zima umeme, achanisha mota, inua kwa mkono hadi nusu, kisha shikilia kwa wepesi bila kusimama chini yake. Mlango wenye uwiano unabaki pale pale au unasogea kidogo. Ukitaka kuporomoka, springi zimechoka. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000 ya kufungua na kufunga, kwa hiyo mlango unaotumika mara nne kwa siku huzimaliza ndani ya miaka saba hivi. Safisheni magurudumu madogo, kazeni nati za bawaba, tieni oili kwenye maungio. Springi, kebo za chuma za pembeni na vishikizo vya chini ambako kebo zimefungwa, msiviguse.

## Kabla fundi hajaja

Piga picha ya kibandiko cha mota kinachoonyesha volti na wati. Pima upana na urefu wa geti, uandike bati ni la gaji gani, ili akadirie uzito na asikuuzie mota ndogo. Mwambie kama kiwanja kina mteremko na geti linaelekea upande gani linapoachiwa. Mweleze matokeo ya kusukuma kwa mkono. Akifika na kuanza kufungua kisanduku cha mota kabla ya kusukuma geti yeye mwenyewe, mwombe kwa adabu aanzie kwenye reli.